Jicho la Mama Lisubiri Kwanza

3 Machi, Jumatatu

Nimeitwa! Nimeomba chuo cha udaktari mara nne, na leo kwa mara ya kwanza nimeitwa kwenye usaili. Ijumaa ya wiki ijayo, asubuhi. Miaka mitatu yote hawakunijibu hata kwa matusi. Kunyamaziwa kunauma kuliko kutukanwa, maana anayekutukana angalau amekuona.

Najua kilichowafanya waniite. Zamani nilikuwa naandika kwamba nataka kuwatumikia wanadamu. Upuuzi mtupu. Nani anawapenda wanadamu? Mimi mwenyewe wananichosha. Mwaka huu nikamsikiliza yule mhamasishaji wa kwenye simu, anayepiga kelele alfajiri utadhani nyumba inaungua. Anasema asiye na sababu hafiki. Tafuta sababu yako, lala nayo, amka nayo. Nikatafuta. Nikamwona mama anapapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Mama ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia limeshafunga, la kushoto linaelekea huko huko. Basi nikaandika: "Mama yangu anapofuka, na mikono itakayomfungua macho ni hii yangu." Sentensi moja tu! Imefanya kazi iliyowashinda wanadamu wote.

Nimempa mama habari. Amelia kwa furaha, akamkumbatia baba akidhani ni mimi. Amesema hamwendei daktari mwingine yeyote, mtoto wa jicho atatolewa na mtoto wa tumbo. Baba ni fundi saa, maneno yake ni ya msimu. Aliuliza lini. Nikamwambia mambo mazuri hayataki haraka.

5 Machi, Jumatano

Kikulacho ki nguoni mwako! Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, amekuja mbio na sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Eti madaktari wa macho wanakuja kituo cha afya wiki ijayo, kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi. Wanatoa mtoto wa jicho hapo hapo na mgonjwa anarudi kulala kwake. Dada anaona hii ni habari njema.

Alhamisi! Siku moja kabla ya usaili wangu. Mama akishaona, mimi nitasimama mbele ya jopo na nini mkononi? Niseme mama yangu alikuwa anapofuka? Neno moja, "alikuwa", linaharibu kila kitu. Na kudanganya si tabia yangu.

Halafu kuna suala la moyo. Mimi asubuhi naamka kwa ajili ya lile jicho. Bila hilo jicho nisingeamka kabisa. Hata likiwepo naamka saa nne.

Nikamuuliza dada habari hizo kazitoa wapi. Kwa Miwani! Ningejua tu. Miwani ni yule binti anayeuza kwenye duka la dawa pale kona. Jina hilo nimempa mimi, maana miwani yake imeanza kabla ya uso. Na yeye ameitwa kwenye usaili, tena mara yake ya kwanza kuomba. Mimi namaliza shule, yeye alikuwa anang'oka meno ya utoto! Sasa nimeielewa njama. Anataka sababu yangu itibiwe ili nifike kwenye jopo mikono mitupu.

6 Machi, Alhamisi

Mpango wa kwanza: hofu. Nikakaa karibu na mama, nikamweleza upasuaji wa jicho kwa sauti ya kitaalamu. Nikataja kisu. Nikataja sindano. Nikatia chumvi kidogo, nikasema jicho hutolewa likawekwa kwenye sahani, likasuguliwa, ndipo likarudishwa. Mama akasikiliza kwa utulivu. Akasema yeye amenizaa mimi na kichwa changu hiki, kwa hiyo kisu hakimtishi. Aliyeshindwa kula mchana ni mimi.

Mpango wa pili, jioni: heshima. Nikamuuliza watu watasemaje, mama wa daktari kupanga foleni kwa madaktari wa kupita? Si watasema hata mama yake mwenyewe hamwamini? Mama akanipapasa usoni mpaka akalipata shavu. Akasema mimi ni mboni ya jicho lake na hawezi kuniaibisha. Hatakwenda.

Nilitokwa na machozi. Nilimpenda sana mama yangu wakati ule. Nikafungua kitabu cha anatomia nikasoma mpaka usingizi ukanikamata, na siku hizi una mbio huo.

8 Machi, Jumamosi

Leo nimekwenda kwa Fotokopi. Duka lake linatazamana na geti la chuo, na amewatolea nakala waombaji wengi hata jina lake mwenyewe limesahaulika. Nikamwomba anitobolee siri ya usaili. Akasema kwanza nimsaidie maboksi ya karatasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, nikanyanyuka, nikainama, mpaka kiuno kikalia.

Lakini siri nimeipata! Jopo halijali tena mifupa wala homoni. Linapima utu. Unakaa, mlango unafunguliwa, anaingia mtu mwenye shida, na wao wanatazama kama utanyanyuka kumsaidia. Fotokopi ameapa. Kila mwaka anamwona dirishani mzee mmoja anaingia chumba cha usaili na kutoka, anaingia na kutoka, siku nzima. Mtu gani mwenye akili timamu angefanya hivyo bure?

Wakati natoka, Miwani akaingia. Akaniamkia kwa adabu, akaniuliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia wanauliza mifupa ya mguu, yote, kwa Kilatini. Akanishukuru sana, akasema Mungu anibariki kaka. Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

10 Machi, Jumatatu

Mazoezi ya utu. Nimekaa barazani tangu asubuhi nikisubiri mwenye shida apite. Watu wa mtaa huu hawana shida unapowahitaji. Mwishowe nikamwona jirani ameinamia ndoo iliyojaa maji. Nikaruka, nikamnyang'anya, nikampelekea mpaka jikoni kwake. Alikuwa ametoka kupiga deki, anatafuta pa kuyamwaga. Ameniita majina ambayo sitayaandika. Utu una gharama.

Nyumbani, mama amemimina chai kando ya kikombe. Imetiririka mezani mpaka kwenye saa ya mteja ambayo baba alikuwa ameifungua. Mama hakujua. Aliuliza kama chai imekolea. Baba akasema imekolea sana. Akaikausha saa kwa kona ya shati, gurudumu moja moja. Baadaye akanifuata chumbani, jambo ambalo halifanyi, akaniomba nimwachie mama aende Alhamisi. Nikamwambia mama ni mtu mzima na ameamua mwenyewe. Akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kilichomleta, kisha akaondoka.

Nimeipa chai ile nafasi katika maelezo yangu ya Ijumaa. Inagusa.

13 Machi, Alhamisi

Dada amefika mapema, amevaa vizuri, amembebea mama kanga ya kujifunika. Mama akakataa. Akasema mwanawe anakwenda kupokelewa udaktari kesho, kwa nini ahangaike. Dada akambembeleza, akapandisha sauti, akalia. Mama akawa anatabasamu upande ambao dada hakuwepo.

Kisha dada akanigeukia mimi. Hakunitukana. Alisema anajua mama hakulitoa neno lile kichwani mwake, na siku mama atakapojikwaa akaanguka, nimpigie mhamasishaji aje kumwinua. Nikamjibu kwamba nina usaili kesho na sitaki kelele. Akaiacha kanga kitini.

Moyo ulinidunda baadaye. Nikaupiga konde. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

14 Machi, Ijumaa

Ushindi! Naandika haraka kabla raha haijapoa.

Jopo la watu watatu: mwenyekiti mwenye upara, bwana mmoja wa kuandika tu, na mama wa makamo ambaye ni daktari wa macho. Wa macho! Bahati gani hii? Wakaniuliza kwa nini udaktari. Nikaifyatua: mama, kikombe, chai, mikono yangu hii. Yule daktari akaniuliza kama najua kwamba wenzake wako kituo cha afya wiki hii, wanatoa mtoto wa jicho, na kwa nini sijampeleka. Swali la mtego! Nikajibu kwa sauti ya kutetemeka, ambayo nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwamba nimemwomba asubiri mikono ya mwanawe. Daktari akaweka kalamu chini, akanitazama. Nadhani aliguswa.

Ndipo mwenyekiti akasema sasa ataingia mtu, niendelee naye nitakavyoona inafaa. Nitakavyoona inafaa! Nikacheka moyoni. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee, anatembea polepole, mkono tumboni. Nikamwamkia. Akaketi, akakunja uso, akasema, "Daktari mwanangu, leo siku ya nne sipati choo."

Siku nne! Wazee hutia chumvi, lakini jengo lile kweli ni kubwa, hata mimi asubuhi nilipotea. Na alivyoshika tumbo, ilikuwa wazi amebanwa. Mwombaji mwingine angebaki amekaa. Mimi niliruka! Nikamshika mkono, nikamwambia asijali, leo amekutana na mimi. Akashangaa, akasema hapana mwanangu, hata nikienda sipati. Maskini, alishakata tamaa. Nikamwambia leo utapata, nikamtoa nje, korido yote mpaka mwisho, mlango wa tatu kushoto. Akawa anageuka nyuma kuwatazama wale wa jopo. Nikamwingiza, nikafunga, nikashika kitasa kwa nje asije mtu akamsumbua. Akagonga mara mbili. Nikamwambia asiwe na haraka.

Niliporudi, muda wangu ulikuwa umekwisha. Daktari wa macho alikuwa amejifunika uso kwa karatasi, mabega yanatikisika. Alilia kabisa! Mwenyekiti akauliza, kwa maoni yangu, tatizo la yule mzee lilikuwa nini. Nikasema vibao. Jengo halina vibao. Yule wa kuandika aliandika mno.

Jioni nimewasimulia nyumbani, mwanzo mpaka mwisho. Baba akaiondoa jichoni ile lenzi yake ya kutazamia saa, akauliza kama hatimaye yule mzee alipata. Nikasema nilimwacha bado yuko ndani. Baba akairudisha lenzi.

Mama alikuwa na swali lingine. Aliuliza kama ni kweli yule daktari alisema wanatoa hapo hapo, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nikasema ndiyo, lakini yeye ana mimi. Akauliza, sasa nikishapokelewa, nitamtazama jicho mwezi gani. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikamwambia ukweli: miaka sita ya chuo, halafu kazi kidogo, halafu ndipo nisomee macho yenyewe. Kumi, kumi na mbili, nikifaulu kila mtihani. Mama alikuwa anafikiri ni mwaka huu. Sikuwahi kumwambia ni mwaka huu. Sikuwahi pia kumwambia si mwaka huu. Akaomba ashikwe mkono akalale.

15 Machi, Jumamosi

Nimeamka, hakuna chai, hakuna mama. Kanga ya kitini haipo. Baba akasema wameondoka na dada tangu kulipopambazuka, leo ndiyo siku ya mwisho ya wale madaktari. Alisema hivyo huku anapiga mluzi. Baba yangu hapigi mluzi!

Nikaenda moja kwa moja duka la dawa kumweleza Miwani ninavyomfikiria. Kabla sijafungua mdomo akanishukuru kwa ile mifupa ya mguu. Ameihifadhi yote. Hawakumuuliza hata mmoja, lakini anasema itamfaa mbele ya safari. Halafu akaniuliza mimi nilimwonaje yule mzee. Yeye alimuuliza anakula nini, anakunywa maji kiasi gani, kama anaona damu, kama kuna vidonge anatumia. Kumbe kuna vidonge! Alijisikia vibaya kumuuliza mzee wa watu mambo ya choo chake, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Nikashika kaunta. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa upole, akidhani sijasikia. Mzee alikuwa hapati choo. Siku nne. Ni mwigizaji, wanamtumia kila mwaka.

Kiswahili kimeniua! Lugha yenye maneno ya kumsalimia mtu kutoka alfajiri mpaka kulala, lakini mahali pale na kinachoachwa pale vimepewa neno moja! Nani alikubali hili? Mtu akisema "sipati choo," mimi nijue amepotea au amefunga? Wataalamu wa lugha walikuwa wapi? Kosa si langu, ni la kamusi. Na Fotokopi. Na huyo mzee, aliyeshindwa hata kusema tumbo ni gumu.

Miwani akaniuliza mama anaendeleaje kule kliniki. Nikasema vizuri. Nilifikiria kwenda kumtazama. Nilifika mpaka kwenye kona ya kituo cha afya, nikaona watu wengi wamekaa kwenye benchi na bandeji machoni, wameshikana mikono na watu wao. Nikarudi.

16 Machi, Jumapili

Mama alilala kwa dada, na asubuhi wamemfungua bandeji huko huko kliniki. Dada akamleta nyumbani. Nilikuwa nimepanga kununa, lakini hakuna aliyekuwa ananitazama kwa wakati ule, nikaacha.

Mama akasimama katikati ya chumba, anageuka polepole. Akaona ukuta, akasema kumbe rangi imebambuka. Akamwona baba, akamshika nywele, akacheka mpaka akakaa chini, eti nani amempaka unga. Baba naye akacheka. Dada akalia tena, huyu naye machozi hayana bei. Mama akakiona kitabu changu cha anatomia kwenye kabati. Akakichukua, akakipuliza vumbi. Vumbi lilikuwa jingi. Akakirudisha.

Kisha akanitazama mimi. Muda mrefu. Macho yake ni makali sasa, yanaingia. Akaja karibu, akashika kidevu changu kama alivyozoea, lakini safari hii hakupapasa. Akasema, "Kumbe ndevu zako zina mvi, mwanangu." Akauliza nimekuwa mtu mzima lini. Nikasema ni mwanga tu wa dirishani.

Nimekaa chumbani tangu hapo. Nina hasira na kitu fulani na sikijui ni kipi. Ni kama nimeibiwa.

19 Machi, Jumatano

Majina yamebandikwa getini. Miwani yumo, wa pili kutoka juu. Mimi nilisoma toka juu mpaka chini, halafu toka chini mpaka juu, nikidhani labda wamenianza kwa herufi nyingine. Nikamwuliza mlinzi kama kuna ukurasa wa nyuma. Akageuza. Mweupe.

Nikavuka barabara kumvaa Fotokopi. Hakutikisika. Alisema yeye aliniambia ataingia mtu mwenye shida, hakuniambia shida gani, yeye ni wa karatasi si wa matumbo. Kisha akaniuliza kama nina dakika, maboksi mengine yamefika. Nikayabeba. Sijui kwa nini niliyabeba.

Mama amepokea habari bila kulia. Akanimiminia chai, ndani ya kikombe, hata tone halikudondoka, akaniambia kwa upole kwamba kiti cha pili pale kwenye meza ya baba kiko wazi. Macho ya baba yanachoka, angepata mtu wa kumrithisha. Kazi ya saa si aibu. Alisema atafurahi kuniona nimekaa pale, maana sasa anaona. Baba akasogeza vifaa vyake kidogo, nafasi ya viwiko viwili. Nikasema nitafikiria. La kuvunda halina ubani, lakini mimi sijavunda.

20 Machi, Alhamisi

Sikuamka. Kuamka kwa ajili ya nini? Sababu imetibiwa. Mhamasishaji amepiga kelele mpaka betri ikaisha. Nimejaribu kuwapenda wanadamu tena, haikuwezekana.

22 Machi, Jumamosi

Mungu hamtupi mja wake!

Leo nimekaa kwenye kile kiti cha pili ili mama aridhike. Baba alikuwa anafunga saa ya kike, ndogo kama kifungo cha shati. Nikaona kibano kinacheza. Nikadhani ni macho yangu. Skrubu ikamwanguka. Akaiokota, ikamwanguka tena. Akaficha mkono chini ya meza akanitazama kama nimeona. Nimeona! Mikono inatetemeka! Fundi saa! Hata ningetunga nisingepata kitu kizuri kama hiki.

Nikamuuliza ilianza lini. Akasema kabla ya mwaka mpya, na nisimwambie mama. Lakini mama sasa anaona kila kitu, alishamwambia dada, na dada anataka kumpeleka baba kwa daktari wa mishipa Jumatatu. Dada huyu! Hajifunzi?

Nimesubiri mama ametoka. Nikasogeza kiti, nikamweleza baba kiume, kwamba madaktari wa haraka haraka wanaweza kumharibia mkono kabisa, na kwamba maombi ya mwaka ujao yanafunguliwa karibuni tu. Miezi michache. Asubiri kidogo. Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni anapapasa, anaitafuta ile skrubu.

Nikamsaidia kutafuta kidogo, kisha nikaingia chumbani kuandika. Sentensi ya kwanza tayari ninayo: "Baba yangu ni fundi saa, na mikono yake imeanza kutetemeka." Nimejisomea kwa sauti mara mbili, na machozi yakanitoka.